Mwero na Mpigaji Asiyepumua

Msambweni palikuwa na Mwero wawili, na mgeni aliyetaka kuelekezwa aliulizwa kwanza kama anamtaka Mwero wa ng'ombe au Mwero wa zumari. Habari hizi ni za huyu wa pili. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mashavu yaliyolegea kama mfuko uliokwisha kumiminwa nafaka, kwa kuwa tangu utotoni aliyajaza upepo na kuyatoa upepo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuangua nazi na kusuka makuti ya kuezekea. Zumari hakuihesabu kuwa kazi. Aliitwa kuipiga kama anavyoitwa mkunga, naye alikwenda.

Alifundishwa na mjomba wake, ndugu wa mamake, kwa bakuli la maji na bua la jani la mpapai, ambalo ndani yake ni tundu tupu. Mtoto hupuliza maji yakatoa mapovu, na mapovu hayaruhusiwi kukoma. Hewa ya kifuani ikikaribia kwisha, hupuliza ile aliyoiweka akiba mashavuni, na papo hapo huvuta nyingine kwa pua. Kila mapovu yalipokoma, mjomba aliyamwaga maji yale na kumtuma Mwero kisimani akateke mengine. Kisima kilikuwa mbali. Hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo yake. Alipopewa zumari yenyewe, na kigao chake, kile kisahani cha kifuu cha nazi cha kuegemeza midomo, kikamkaa vizuri, pumzi yake ilikuwa imekwisha kuwa kama kamba isiyo na fundo.

Katika ukoo wao zumari ya mjomba ndiyo inayomtoa binti nyumbani. Huanza kulia bibi harusi akiwa amesimama kizingitini, na hulia njia nzima mpaka mlangoni kwa mume. Ikikatika njiani, binti hurudishwa kizingitini kwao, huulizwa tena kama yu radhi, na safari huanza upya. Koo nyingine hazina jambo hili, na wako wanaolicheka. Wapiga ngoma nao wana kanuni yao: zumari ikinyamaza, wimbo umekwisha, na mikono huondoka juu ya ngozi. Mwero alikuwa amewatoa mabinti wengi wa dada zake na wa binamu zake, na hakuna aliyepata kurudishwa.

Mwaka 1958, mpunga ulipokwisha kuvunwa, ilipangwa arusi ya Chiku, binti wa Mwanatumu, dada yake Mwero. Posa ililetwa na watu wa Kikoneni waliokuwa wamehamia Msambweni, ng'ambo ya soko. Chiku alisema yu radhi. Baada ya hapo akawa kimya. Alitwanga kimya, akasuka ukili kimya, akajibu salamu kwa sauti ya kuazima. Mwanatumu alisema kimya cha binti ni haya. Majirani walisema vingine. Kwa hiyo katika arusi zote, hii ndiyo ambayo Mwanatumu hakutaka kabisa binti arudishwe kizingitini na kuulizwa mara ya pili.

Basi siku moja asubuhi akatokea Mselem. Huyu alikuwa mtu wa Kibuyuni, baharia katika meli kubwa zinazotia nanga Kilindini, na Mwero ndiye aliyempigia zumari arusini kwake. Hakukaa hata kunywa kahawa, maana meli yake ilikuwa yangoja. Alitoa mkobani kitu cha bapa kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua uani. Ilikuwa santuri, kubwa kuliko santuri tulizozizoea, nayo haikuwa nzito wala ngumu. Ukiishika pembeni ilipinda kidogo. Alisema alipewa na mpishi mmoja mweusi huko bandari za Marekani, ambaye alimkaribisha chumbani kwake na kumpigia.

"Huyu ndiye zumari wa Marekani," akamwambia Mwero. "Mtu mweusi kama sisi. Nilipomsikia nikasema, kumbe Mwero ana ndugu asiyemjua."

Akaaga, akaenda zake.

Nyumba yangu ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Mwero, nami nilikuwa nimepata masomo ya sekondari, kwa hiyo niliitwa nisome jalada. Mbele palikuwa na picha ya mtu aliyevaa suti, amefumba macho, ameshika pembe la shaba lililopinda kama kiko, refu kama mkono. Jina lake lilikuwa Orrin Tasker. Jina la santuri niliwatafsiria kuwa ni Njia ya Nyuma ya Kiwanda, na Biasha, mkewe Mwero, akauliza ni kiwanda cha nini, hapakuandikwa. Nyuma palijaa maandishi. Pembe lile linaitwa saksafoni, ile ya sauti ya wanaume. Wenzake ni wanne: mmoja wa tarumbeta, mmoja wa kinanda, mmoja wa fidla kubwa ya kusimama anayoidonoa kwa vidole, na mmoja wa ngoma. Nyimbo ni sita, tatu kila upande, na zote zilipigwa siku moja. Mwandishi alisema upigaji wa mtu huyu ni mgumu, umetoka kanisani na umetoka mitaani, na kwamba haombi radhi. Maneno hayo niliyajua moja moja. Yakikaa pamoja sikuyaelewa, nami niliwaeleza hivyo. Katikati ya santuri, kwenye karatasi ya duara, paliandikwa thelathini na tatu na theluthi moja. Hatukujua ni nini. Biasha alisema labda ni umri wake.

"Na ile theluthi?" akauliza Mwero.

"Ni miezi minne. Wenzetu wanahesabu."

Gramafoni ilikuwa ya Biasha, aliyoachiwa na babake, mfanyabiashara wa Vanga. Ilikuwa ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na sindano yake ya chuma. Alikuwa na santuri chache za taarabu na moja ya Kihindi, akizipiga Ijumaa baada ya swala. Akaiweka hii mpya, akazungusha mkono wa mashine, akateremsha sindano.

Iliyotoka haikufanana na pembe lile la pichani. Ilitoka sauti nyembamba, kali, ya kulia puani. Ilikuwa zumari, zumari hasa, lakini zumari ya mtu aliyefukuzwa na nyuki. Tarumbeta ililia kama mbu. Ile fidla kubwa ilidonoa kama kuku. Ngoma zilikuwa mvua juu ya bati. Mwanzoni zumari na tarumbeta zilikwenda pamoja kama watu wawili waliobeba ubao mmoja. Mara tarumbeta ikauacha ubao, zumari ikakimbia peke yake kusiko na njia, ikarudi, na wote wakauinua ubao tena kana kwamba hapakutokea kitu. Kisha kimya, na wimbo mwingine, vile vile mbio. Upande mzima ulikwisha kabla kahawa haijapoa.

Biasha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Mwero hakucheka. Aliomba upande ule urudiwe. Uliporudiwa, akainamia mashine, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Hapumui," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Sikiliza vizuri. Hapumui hata mara moja."

Ilienea kwamba katika nyumba ya Mwero mna santuri ya jini. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa alisema hajui jini atakayekubali kuzungushwa namna ile. Lakini mwenyewe Mwero hakuwa akifikiria majini. Alikuwa akifikiria vidole. Siku zote alijua kwamba yuko mtu mahali fulani anayempita, kwa kuwa Mungu hakuumba wa mwisho. Ila alidhani mtu huyo angempita kama jirani anavyompita jirani, hatua mbili tatu mbele. Huyu alikuwa amempita na kupotea. Na bado sauti yake ilikuwa ya zumari, sauti ambayo Mwero aliidhani anaijua ndani na nje.

Akaanza kumfuata. Alikata ulimi mpya wa zumari kwa jani la mkoche, akaukata mwembamba zaidi, ukapasuka, akakata mwingine. Asubuhi alikaa uani na bakuli la maji na bua la mpapai, mtu mzima mwenye wajukuu, akitoa mapovu.

"Babake Suleiman," akamwambia Biasha, "wajukuu wako wameuliza kama ukimaliza watakupokea zamu."

Hakujibu, maana mapovu yangekoma.

Jioni moja kabla ya magharibi aliwaita wapiga ngoma wake wafanye mazoezi ya arusi. Mkubwa wao alikuwa Alfani, mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, mtu mfupi mwenye ulimi, aliyekuwa amefuatana na Mwero tangu wote wawili hawajaota ndevu. Mwero akaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule ule wa siku zote, lakini kwa mbio za santuri. Alfani alijitahidi. Yule wa msondo, ngoma kubwa, alijitahidi zaidi, akaacha. Wanawake waliokuja kuimba walipotezana na maneno. Wengine walikuwa mwisho wa ubeti na wengine mwanzo. Alfani akaweka viganja juu ya ngozi, akanyamazisha chapuo lake.

"Nifahamishe, ndugu yangu," akasema. "Tunamsindikiza bibi harusi au tunamkimbiza mwizi?"

Watu wakacheka. Mwero akaitazama zumari yake, upande huu na upande huu, kana kwamba ameiokota. Kisha akaipangusa, akaingia ndani, akaitundika ukutani. Kesho yake alikwenda kwa Mwanatumu akamwambia atafute mpigaji mwingine. Mwanatumu alidhani ni ugonjwa, akataka kumchemshia mwarobaini. Mwero akasema hana ugonjwa, ila amefahamu kwamba hajui kupiga zumari. Alidhani anajua kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonyesha.

"Kaka," akasema Mwanatumu, "mjomba wa Chiku ni wewe. Mjomba hanunuliwi sokoni."

"Najua."

"Unataka mwanangu atoke kwa mdomo wa nani? Unataka atoke kimya, waseme hana kwao?"

Mwero alisema hataki hivyo. Wala hakusema anataka vipi. Dada yake alinisimulia baadaye kwamba alimwona amekaa mkekani anatoa na kutia vidole hewani, anaziba matundu yasiyokuwapo, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Aliyefungua mlango wa fumbo hili ni Charo, Mgiriama aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja mzee huko Diani, mwenye nyumba karibu na ufuo na mashine yake mwenyewe ya umeme. Charo alikuwa na watu wake Msambweni na akija hupita kwa Mwero. Alisikilizishwa santuri ile, akakunja uso. Akasema bwana wake anazo santuri za ukubwa huo huo, zinazopinda vile vile, lakini zake zinaimba kama watu waliokula wakashiba. Hii ya Mwero ina nini? Akasema afadhali iende Diani, ikaulizwe huko.

Walikwenda kwa baiskeli mbili, Mwero amefunga jalada mgongoni kwa shuka, nami nikawafuata kwa baiskeli ya tatu ya kuazima, kwa kuwa nilitakiwa kama mkalimani. Mzungu alikuwa ameketi barazani anasoma. Hakuwa mtu wa maneno. Aliichukua santuri, akaitazama chini ya mwanga, akasikitika kwa kutikisa kichwa jinsi ilivyokwaruzwa, akamwuliza Charo kwa Kiswahili cha kwake ilikuwa imepigwa na nini, msumari? Kisha akaiweka kwenye mashine yake, akagusa kijiti kidogo cha pembeni.

Mwero alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Sauti ilipotoka, aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba mtu ameingia.

Ilikuwa sauti nene, ya kifuani, ya mtu mzima anayesema jambo na hana haraka ya kulimaliza. Iliparuza kidogo kwa ile mikwaruzo ya sindano yetu, lakini ilikuwa nzito, na yenye joto, na ilitembea. Fidla kubwa ilitembea chini yake kama nyayo za miguu. Ngoma zilisema naye, zikamkatiza, zikamwacha aendelee.

"Hii siyo," akasema Mwero. "Mwambie bwana hii siyo yangu. Wamezibadilisha."

Nilitafsiri. Mzee yule hakukasirika. Akakigusa kijiti, na papo hapo akatokea yule yule wa nyuki, yule zumari wetu, mbio. Akakirudisha, akatokea mtu mzima.

"Moja tu," akasema Mzungu. "Santuri moja. Hii mbio sabini na nane. Hii polepole, thelathini na tatu. Yenyewe ni polepole."

Hapo ikajulikana kwamba haikuwa umri.

Mwero aliomba aonyeshwe tena, na tena, mbio na polepole, na kila kijiti kilipoguswa alimtazama yule mtu wa pichani aliyefumba macho kana kwamba atamtolea ushahidi. Charo alianza kucheka, akifikiri mambo yamekwisha. Mimi pia nilifikiri yamekwisha. Mtu aliyekuwa amempita Mwero na kupotea hakuwako. Alikuwako huyu tu, anayetembea. Lakini Mwero hakufanana na mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nimemfukuza mtu aliyekuwa amekaa kitako," akasema taratibu.

Kisha akasikiliza, na mkono wake ukainuka. Ilikuwa katikati ya wimbo wa pili. Pembe lilikuwa limepanda, limefika mahali, likaacha. Tukasikia wazi yule mtu akivuta pumzi, kwa mdomo, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akakaa kimya. Ngoma ikaendelea. Fidla ikaendelea. Halafu akaingia tena, si pale alipoachia, mbele kidogo.

"Anapumua," akasema Mwero. Alikuwa amefadhaika kama mtu aliyemwona imamu anakohoa katikati ya sala. "Anakata, anapumua, watu wanamsikia. Na wenzake hawasimami. Kwa nini hawasimami?"

Nilimwuliza Mzungu. Alifikiri, akasema yeye muziki huu hauelewi, aliyekuwa akiupenda ni mwanawe. Charo akasema labda wana haraka ya kwenda kula. Tulirudi Msambweni na swali lile lile, na Mwero njia nzima hakusema kitu ila mara moja, tulipopumzika chini ya kivuli, aliniuliza kama nilikuwa nimesoma vizuri lile neno la nyuma ya jalada, kwamba mtu huyu haombi radhi. Nilisema nililisoma vizuri. Akauliza radhi ya nini. Nilisema sijui.

Siku mbili kabla ya arusi alimwambia dada yake kwamba atapiga, na atapiga kama alivyofundishwa, bila mbio na bila chochote cha watu. Mwanatumu akashukuru Mungu, akaenda kuloweka mchele.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, Chiku alisimamishwa kizingitini amefunikwa shuka la kichwani, mashangazi huku na huku. Mwero akaiweka zumari midomoni, mashavu yakajaa, na ile sauti ikatoka, kamba isiyo na fundo, kama tulivyoijua miaka yote. Alfani na wenzake wakaingia chini yake. Wanawake wakainua wimbo. Chiku akavuka kizingiti, na nilimwona Mwanatumu akishusha mabega.

Tulipita visima, tukapita viambaza vya nyumba za pwani, tukaingia sokoni, ambapo wauzaji wa samaki waliinuka kutupisha. Upande wa pili, watu wa Kikoneni walikuwa wamekwisha kutoka nje kutupokea, na mbele yao shangazi wa bwana harusi, Kadzo, mwanamke mnene mwenye upepeo mkononi. Pale katikati ya soko zumari ilipanda, ikafika mahali, ikaacha.

Nilikuwa karibu naye. Nilimsikia akivuta pumzi, kwa mdomo.

Chapuo likakoma, msondo ukakoma, wimbo wa wanawake ukakatika midomoni, na watu wote wakasimama pale pale walipokuwa, mguu mmoja mbele, kama wanavyosimama watu siku zote zumari inaponyamaza. Wote isipokuwa mmoja. Chiku, chini ya shuka lake, alikwenda mbele. Alichukua hatua kadhaa peke yake, polepole, katika kimya kile, mpaka shangazi mmoja akamshika mkono.

"Imekatika," akasema Kadzo kutoka ng'ambo, bila kupaza sauti, na soko zima likasikia.

Zumari ilikuwa bado midomoni mwa Mwero. Macho yake yalikuwa kwa Alfani, kama anayemwuliza kitu, na Alfani alimtazama yeye kama anayemwuliza kitu. Mwanatumu akaja akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, ndiyo nini hii?"

Mwero akaitoa zumari midomoni.

Tukarudi. Njia ile ile, hakuna ngoma, hakuna wimbo, viatu tu na minong'ono. Watu wa Kikoneni walitufuata, kwa kuwa nao walikuwa na haki ya kusikia. Chiku akarudishwa kizingitini, akageuzwa, na bibi mmoja mkongwe wa ukoo akamwuliza kama yu radhi kwenda. Mwanatumu alikuwa ameishika nguzo ya baraza. Kadzo alikuwa ameacha kujipepea.

"Niko radhi," akasema Chiku. Sauti yake haikuwa ya kuazima. "Lakini mjomba apige vile vile. Na akifika sokoni aninyamazie tena."

Bibi akadhani hakusikia vizuri. Akauliza, anyamaze?

"Zumari ilipokuwa ikilia sikujua ni mimi ninayekwenda au ni yeye anayenipeleka. Wiki zote hizi sijui. Iliponyamaza, mguu ulikwenda wenyewe."

Yakazuka maneno. Kadzo alisema hajapata kusikia bibi harusi anayeagiza nyimbo, na kwamba zumari ikikatika tena kwa kusudi itabidi binti arudishwe tena, na watu wana kazi zao. Mzee mmoja akasema ikikatwa kwa amri ya mwenye arusi haikukatika. Mwingine akasema kamba ni kamba, ukiikata kwa kisu au kwa meno. Ni Alfani aliyetoa njia, ingawa sidhani alijua kwamba anatoa njia. Alisema pale Mwero alipoacha, yeye alisikia kuna kitu kinataka kupigwa, na mkono wake ukakataa kwa mazoea. Kama chapuo halitakoma, je, wimbo umekoma? Jua lilikuwa linashuka. Bibi mkongwe akasema twendeni.

Mwero akaanza upya. Sokoni, mahali pale pale, akaacha. Yule wa msondo akasimama, maskini, mikono juu. Wanawake nusu wakanyamaza, nusu wakaendelea. Lakini chapuo la Alfani halikukoma. Lilibaki peke yake, pigo moja, kisha moja, si kwa uhakika, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na uso wa Alfani ulikuwa umejaa jasho. Juu ya sauti ile ndogo Chiku alitembea. Mwero akavuta pumzi, akaingia tena, akaingia pabaya. Alfani akamfuata, akampita, wakatafutana, na hawakukutana sawasawa mpaka mlangoni kwa mume. Chiku aliingia bila kugeuka nyuma.

Mpaka leo halijakatwa shauri kama Chiku alitolewa kwa zumari nzima au kwa zumari iliyovunjika. Kadzo, mpaka alipofariki, kila mara mumewe Chiku alipokosana na mkewe, alikuwa akisema ni kile kimya cha sokoni. Na walipopatana alisema vile vile. Wamezaa watoto watano.

Mselem alirudi mwaka uliofuata, akataka asikilizishwe zawadi yake. Biasha akatia ufunguo. Sindano ya chuma ilikuwa imekwisha kuila santuri. Kulikuwa na sauti kama ya mafuta kikaangoni, na ndani yake, mbali, zumari akikimbia. Mselem alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Hii siyo niliyowaletea," akasema.

"Ndiyo hiyo," akasema Mwero. "Ni sisi tuliomkimbiza." Kisha akamwomba Biasha aigeuze upande wa pili.

Alipiga zumari miaka mingi baada ya hapo. Arusini hakukata tena, isipokuwa akiombwa, na walioomba walikuwa wachache. Lakini baadhi ya siku, alasiri, Alfani alikuja na chapuo lake uani, nami nikiwa upande wangu wa ua niliwasikia: zumari, kisha kimya, na pigo moja la chapuo likipapasa. Mara nyingine walipotezana kabisa, wakaanza kubishana ni nani aliyepotea.

Nilimwuliza mara moja jambo ambalo wengi walimwuliza. Siku ile sokoni, ile mara ya kwanza, alikusudia, au pumzi ilimwishia? Alikuwa anakata ulimi mpya wa zumari. Aliuinua kwenye mwanga, akautazama, akaurudisha kwenye kisu.

"Nilikusudia," akasema. Akakata kidogo. "Ila sijui kama nilikusudia kabla au baada."